Majina ya mafishie ya barua pepe: usiyabadilishe mbele ya kuyaelewa

Ukifungua dosie ya barua pepe kwenye serveri, unaweza kukuta jina kama hili: 1704067200.M20046P2137.posta:2,RS. Mtu anafikiri ni takataka, anafuta ao anaandika jina jipya. Hapo ndipo barua za shirika, mikataba na ripoti vinapotea.

Kuna namna mbili zinazojulikana sana za kuweka barua pepe. Ya zamani inaitwa mbox: mesaji zote ziko katika fishie moja, moja nyuma ya ingine, na kila moja inaanza na mstari wa neno «From». Fishie hiyo ikiharibika, mesaji nyingi zinaguswa mara moja.

Ya pili ni Maildir. Mmarekani Daniel J. Bernstein aliitengeneza katika miaka ya 1990 kwa ajili ya programu yake qmail. Hapa kila mesaji ni fishie yake peke. Kuna dosie tatu: tmp, fasi mesaji inaandikwa, new, ikiisha kufika, na cur, kisha programu ya msomaji kuiona. Umeme ukikatika, mesaji ya nusu inabaki ndani ya tmp, zingine haziguswi.

Sasa tusome lile jina. Namba ya kwanza ni wakati wa kufika, kwa sekunde toka tarehe 1 Januari 1970. 1704067200 ni tarehe 1 Januari 2024, saa sita ya usiku kwa saa ya UTC. Hapa Bukavu ilikuwa saa nane ya usiku. M na P, na namba zake, zinasaidia mesaji mbili za sekunde moja zisipate jina moja. «posta» ni jina la mashini.

Nyuma ya «:2,» kuna alama, kwa mpango wa alfabeti:

D: mswada
F: imewekewa bendera
P: imetumwa kwa mwingine
R: imejibiwa
S: imesomwa
T: inangoja kufutwa

Basi RS ni kusema: imesomwa na imejibiwa. Ukiondoa herufi hizo, mesaji itaonekana kama haijasomwa.

Shida inakuja wakati wa kunakili. Windows inakataa alama «:» katika jina la fishie. Kle USB ya FAT32 ao exFAT pia inakataa. Tena FAT32 haipokei fishie ya giga 4, kwa hiyo mbox kubwa haiingii.

Ufanye nini? Kwenye Linux, funga dosie nzima ya Maildir katika fishie moja ya tar, kisha weka hiyo kwenye kle USB. Ikiwa kubwa, tumia exFAT. Na mbele ya kufuta mashini ya zamani, fungua tar kwenye Linux ingine, hesabu mesaji. Hesabu zikilingana, sasa unaweza kufuta.