Ditekta ya sarafu za kale: Zingatia haya kabla ya kununua

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

SIMULIZI za hazina ya Mjerumani hazijaisha katika nyanda za juu za Ufipa. Kuanzia mjini Sumbawanga hadi Kasanga, mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambako Wajerumani walikuwa na boma lao la Bismarckburg hadi lilipotekwa na majeshi ya Waingereza Juni 1916, wapo wanaoamini kuwa chini ya kila msingi wa jengo la zamani kumefukiwa rupia.

Mwenye imani hiyo ni mteja rahisi kwa kila anayeuza kifaa cha kutambua metali, maarufu kama ditekta, kiwe cha kweli au cha uongo. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua kifaa kinachofaa, na mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyafahamu kabla ya kutoa fedha zake.

Ijue sarafu kwanza

Ditekta huchaguliwa kwa kuangalia kinachotafutwa. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa pesa za shaba na rupia za fedha mwaka 1890, ambapo rupia moja ilikuwa sawa na pesa 64. Kuanzia sarafu za mwaka 1904, zilizotolewa na serikali ya kikoloni yenyewe, rupia moja iligawanywa katika heller 100.

Rupia ya fedha ina uzito wa karibu gramu 11.7 na upana wa milimita 30 hivi. Heller moja ya shaba nyeusi ina uzito wa gramu nne tu. Mwaka 1916, wakati wa vita, Wajerumani walitengeneza sarafu za dharura mjini Tabora, ikiwamo ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Baada yao ilikuja shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, ambayo mrithi wake, shilingi ya Benki Kuu ya Tanzania, alianza kutumika Juni 1966.

Ni vema ikaeleweka kwamba heller za kawaida zilitengenezwa kwa mamilioni, hivyo bei yake kwa wakusanyaji ni ndogo. Rupia ni fedha iliyochanganywa na shaba kidogo. Haina zebaki ya siri ndani yake, wala nguvu za kuvuta utajiri.

Kifaa kinavyofanya kazi

Ditekta halisi ina sahani yenye nyaya zinazotoa uga wa sumaku. Uga huo ukikutana na metali, husababisha mkondo mdogo wa umeme ndani yake, na mkondo huo hurudisha ishara ambayo kifaa huigeuza kuwa mlio au namba kwenye kioo.

Kutokana na utaratibu huo, kina chake kina mipaka. Kwa sarafu moja yenye ukubwa wa rupia, kifaa kizuri hufika sentimita 20 hadi 30 katika udongo wa kawaida. Anayedai kuona sarafu moja iliyo mita tatu chini ya ardhi anadanganya.

Udongo wa Ufipa

Hapa ndipo penye ugumu. Sehemu kubwa ya Ufipa ina udongo mwekundu wenye chuma kingi, ambao peke yake huweza kukifanya kifaa dhaifu kilie ovyo.

Zaidi ya hayo, Wafipa walikuwa wafua chuma hodari. Waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru ndefu za udongo zinazoitwa malungu, zilizovuta hewa zenyewe bila mivukuto, kisha wakakisafisha chuma hicho katika tanuru ndogo. Utafiti wa mwanaakiolojia Bertram Mapunda kuhusu ufuaji chuma wa kusini magharibi mwa Tanzania unaonyesha jinsi kazi hiyo ilivyoenea. Mabaki yake, yaani mavi ya chuma, bado yametapakaa mashambani na huchanganya sana ishara za ditekta.

Kwa hiyo, mnunuzi wa huku ahakikishe kifaa chake kina uwezo wa kurekebishwa kulingana na udongo, ama chenyewe au kwa mkono. Ditekta za bei nafuu ambazo marekebisho hayo yamefungwa kiwandani huweza kufaa katika mchanga wa pwani, lakini zikashindwa hapa.

Aina na masafa

Kwa sarafu, zinazofaa ni ditekta za masafa ya chini, kati ya kilohezi 5 na 15. Masafa ya juu zaidi hufaa kwa chembe ndogo za dhahabu. Zipo pia zinazotumia masafa kadhaa kwa wakati mmoja, ambazo huvumilia udongo mgumu vizuri zaidi, ingawa bei yake ni kubwa.

Ditekta za mapigo, zinazopendwa na wachimbaji wa dhahabu, hupenya zaidi katika udongo wenye madini, lakini nyingi hazitofautishi vizuri msumari na sarafu. Anayetafuta sarafu atachimba misumari siku nzima.

Sahani yenye upana wa sentimita 20 hadi 28 inatosha kwa kazi nyingi. Penye vyuma vingi, ndogo ya sentimita 15 hivi ni bora, kwa kuwa hutenganisha vitu vilivyo karibu. Angalia pia uzito, aina ya betri, uwezo wa sahani kustahimili maji, na upatikanaji wa vipuri.

Kampuni zinazojulikana ni pamoja na Minelab ya Australia, Garrett ya Marekani, XP ya Ufaransa na Nokta ya Uturuki. Vifaa vyao vya kuanzia huuzwa kwa mamia ya dola. Vile vya dhahabu hufikia maelfu.

Jihadhari na matapeli

Ogopa kifaa chenye antena inayodaiwa kugeuka yenyewe kuelekea hazina iliyo mbali. Mwaka 2013 mahakama mjini London ilimfunga mfanyabiashara James McCormick miaka 10 kwa kuuza vifaa vya namna hiyo, vikiwamo vilivyonunuliwa na Irak kugundua mabomu. Havikuwa na uwezo wowote.

Jaribio ni rahisi. Fukia sarafu kina cha sentimita 15 muuzaji asipoona, kisha mwambie aitafute. Akikataa, au akitoa sababu za udongo, nyota au mizimu, ondoka na fedha zako.

Sheria inasemaje

Kumiliki kifaa si kibali cha kuchimba. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na inataka kibali kwa uchimbaji wa mambo ya kale. Anayegundua vitu hivyo anatakiwa kutoa taarifa serikalini. Maeneo ya baadaye nayo yanaweza kutangazwa kuwa ya kulindwa.

Katika ardhi ya kijiji, zungumza kwanza na halmashauri ya kijiji na mwenye shamba. Anayetafuta dhahabu naye anahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Makaburi yasiguswe kabisa.

Kifaa kikilia juu ya rundo la mavi ya chuma, acha kuchimba. Tanuru iliyovunjwa hairudi, nayo inaeleza historia ya Ufipa kuliko rupia kumi. Ukipata sarafu shambani kihalali, usiisugue, kwani kuisugua hupunguza thamani yake. Andika mahali na tarehe ulipoipata, kwa sababu sarafu isiyojulikana ilikotoka haina habari ya kumpa mwanahistoria.