Kopesheka
kopesheka *kt* [sie] stahili kukopeshwa. Aminika kwa mkopo. Asili: *kopa* > *kopesha* > *kopesheka*.

Tofautisha na *kopeka*: fedha hukopeka, mtu hukopesheka. *Mfano:* Muuza samaki wa Chumbageni alipaye marejesho kwa wakati hukopesheka kwa wepesi kuliko tajiri mchelewaji.

Nchini Tanzania, kampuni za taarifa za mikopo zenye leseni ya Benki Kuu huipima sifa hii kwa alama. Kipimwacho ni uaminifu wa kulipa, si wingi wa mali. Hata mkopo mdogo wa simu usiolipwa huweza kuishusha alama. Vipimo hutofautiana: katika kile cha FICO cha Marekani, kianziacho 300 hadi 850, alama nzuri huanzia 670.

*Methali:* Kukopa arusi, kulipa matanga.