Pikapu Ndogo za Umeme na Haki ya Kulifungua Gari: Marekani, 1990–2025

Historia ya gari la umeme nchini Marekani huelezwa mara nyingi kana kwamba ni ya gari moja tu, yaani EV1 la kampuni ya General Motors, lililoanza kukodishwa mwaka 1996. Magari hayo yalikuwa 1117. Kampuni iliyarudisha mikononi mwake na kuyaponda mengi kati yake. Masimulizi hayo ni ya kweli, ila yanamsahau ndugu yake asiye na sifa: pikapu ndogo, chombo cha mafundi na wakulima, ambacho maisha yake baada ya kuachwa na watengenezaji yanafundisha mengi zaidi.

Chanzo cha yote kilikuwa agizo la serikali. Mnamo Septemba 1990, halmashauri inayosimamia usafi wa hewa katika jimbo la California iliyaamuru makampuni saba makubwa kwamba, ifikapo mwaka 1998, asilimia 2 ya magari mapya yatakayouzwa jimboni yawe yasiyotoa moshi kabisa, na asilimia 10 ifikapo 2003. Makampuni yalipinga kwa nguvu, na Machi 1996 sharti la 1998 likafutwa. Yakabaki mapatano ya kutoa magari machache ya umeme.

Kutokana na agizo hilo zilizaliwa pikapu mbili. Ya kwanza ni Chevrolet S-10 ya umeme ya miaka 1997 na 1998. Iliundwa kwa mota ya EV1 iliyopunguzwa nguvu hadi kilowati 85, ikizungusha magurudumu ya mbele, na kwa betri za risasi zilizohifadhi takriban kilowati-saa 16 tu. Zilitengenezwa 492. Ya pili ni Ford Ranger ya umeme (1998–2002), zipatazo 1500. Wateja wakuu walikuwa makampuni ya umeme na idara za serikali, si raia wa kawaida.

Hapa ndipo pana tofauti ambayo wanahistoria wa teknolojia hawaitilii maanani ipasavyo. EV1 halikuuzwa kamwe. Lilikodishwa tu, na aliyelikodi hakuwa na neno lilipodaiwa. Bali S-10 zipatazo 60 ziliuzwa moja kwa moja, na kwa sababu hiyo tu baadhi yake zilinusurika. Ranger nyingi zilikuwa za kukodi, nazo zikaanza kukusanywa ili zipondwe. Januari 2005, mjini Sacramento, watu wawili waliokuwa wamekodi pikapu hizo walikataa kuzirudisha, wakakesha pamoja na wenzao mbele ya duka la magari, hadi kampuni ilipokubali kuwauzia. Kilichookoa gari, basi, hakikuwa ubora wa mota wala wa betri. Kilikuwa hati ya mauzo.

Lakini mwenye hati alikabiliwa na tatizo jingine: betri za risasi huchoka, na mtengenezaji alikwisha jitoa. Ilimlazimu mwenye gari kujifunza undani wake. Ujuzi huo haukuanza patupu. Chama cha wapenzi wa magari ya umeme, Electric Auto Association, kilikwisha anzishwa California tangu 1967, na wanachama wake waliipenda mno pikapu ndogo. Sababu ni rahisi: fremu yake ni imara, springi zake zimezoea mzigo, na chini ya sanduku lake pana nafasi ya betri nzito. Fundi aliitoa injini ya petroli, akaweka mota ya mkondo mnyoofu, pengine iliyotolewa katika mashine ya kuinulia mizigo ghalani. Kidhibiti cha mkondo ndicho kilichomshinda, kwa kuwa kilikuwa ghali na kimefungwa. Ndipo baadhi yao walipochora vidhibiti vyao wenyewe na kutoa michoro pamoja na programu bure, kwa kufuata kanuni iliyotangazwa na Richard Stallman mwaka 1983 na kuenezwa na Linux tangu 1991: atumiaye programu awe huru kuisoma, kuibadili na kuigawa.

Wakati huohuo gari lenyewe lilikuwa likigeuka. Kampuni ya Bosch ilikwisha onyesha, mwaka 1986, mtandao uitwao CAN, unaoziwezesha sehemu za gari kupelekeana ujumbe kwa jozi moja ya waya. Leo mota iliyotolewa katika gari la umeme na kufungwa katika pikapu kuukuu haizunguki, inangoja ujumbe. Wapenzi wa magari walianza kuusikiliza ujumbe huo na kuuandika, tarakimu kwa tarakimu. Kazi hiyo haiko mbali na ya mwanaisimu aliyefika penye lugha asiyoijua: husikiliza, hulinganisha, hukisia maana, kisha hurudi kujaribu. Kamusi za namna hiyo ndizo zilizowezesha programu huria kama openpilot, iliyotolewa wazi mwaka 2016, kuyaendesha magari ya makampuni mbalimbali.

Makampuni hayakufurahi. Mwaka 2015 kampuni ya matrekta ya John Deere ilidai mbele ya ofisi ya hakimiliki kwamba mnunuzi hupata ruhusa tu ya kuitumia programu iliyomo. Kwa maneno mengine, aliyenunua amerudishwa katika hali ya aliyekodi! Mwaka huohuo mkuu wa Maktaba ya Bunge aliwaruhusu wenye magari kuifungua programu kwa ajili ya matengenezo.

Kwa hiyo shauku iliyozuka Aprili 2025, kampuni ya Slate ilipoonyesha pikapu ndogo ya umeme yenye viti viwili, isiyo na redio wala kioo cha kompyuta, haishangazi. Katika wiki chache watu zaidi ya 100,000 waliweka nafasi. Programu ya gari hilo si huria. Wengi walivutiwa na ahadi kwamba mwenyewe ataweza kulitengeneza.

Kwa msomaji wa Kolwezi au Lubumbashi, jambo hili si la mbali. Kobalti ya Katanga imo katika betri nyingi za magari hayo. Betri ya risasi ya 1997 iliweza kubadilishwa na fundi yeyote mwenye spana. Betri ya leo inalindwa na programu inayoweza kuikataa ile iliyowekwa badala yake. Kamusi za ujumbe zilizokusanywa na wapenzi wa magari ziko wazi kwa yeyote azitakaye. Karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza.