Ngome Iliyovunjwa Mpaka Makaburini

Ukipanda leo kilima kilicho juu ya mji wa Bad Harzburg, Ujerumani, utakuta misingi ya mawe na kisima. Ngome yenyewe haipo. Habari zake zinanisumbua, maana waliopanda kuimaliza walikuwa makabwela.

Mfalme Heinrich wa Nne alianza kuijenga Harzburg kwenye mwaka 1065, akiwa bado kijana. Si mbali nayo ulikuwa mji wa Goslar, karibu na machimbo ya madini ya fedha. Wasaksoni, wenyeji wa nchi ile, walilalamika kwamba wanatumikishwa kwa nguvu na askari wa ngome wanawapora. Mwaka 1073 wakachoka. Wakaizingira ngome, mfalme akatoroka usiku.

Februari 1074, huko Gerstungen, mfalme akakubali ngome zake zivunjwe. Lakini kwa Harzburg akafanya ujanja: zikabomolewa kuta, kanisa likaachwa. Humo walikuwa wamezikwa mdogo wake Konrad na mwanawe mchanga. Basi mwezi Machi wakulima wakapanda wenyewe. Wakaliharibu kanisa, wakayafukua makaburi, mifupa wakaitupa.

Hapo ndipo walipompa mfalme kitu alichokikosa: sababu. Mabwana wa Kisaksoni nao wakaruka, eti hawakujua lolote, ni wakulima tu! Mabwana wa majimbo mengine wakarudi upande wa mfalme. Tarehe 9 Juni 1075, kando ya mto Unstrut, Wasaksoni wakapigwa vibaya. Wakubwa wengi waliponea juu ya farasi. Waliokuwa kwa miguu wakachinjwa.

Ngome ilijengwa tena karne iliyofuata, na Kaisari Otto wa Nne akafia humo mwaka 1218. Ikabomolewa kabisa miaka ya 1650.

Moyo wangu uko kwa wakulima wale, lakini hauko wote. Kuta ziliwanyonya jasho. Mtoto mchanga hakuwatoza kitu. Habari zao tunazipata kwa watu wa kanisa kama Lampert wa Hersfeld, waliojua kuandika. Mkulima hakuacha hata barua. Aliyelifikia kaburi dogo, je, alijua ni la mtoto? Mkono ulisita, au ndiyo kwanza hasira ilizidi? Waandishi wenzangu, mtawa hakumwuliza. Nani atamwuliza?