Kibao cha dola 35 hakijakuwa laptopu bado

Kila mwaka, wakati wa kuandika TFC, swali linarudi lile lile: mashini nitaitoa wapi? Na kila mwaka kuna mwenye kutuma video ya kijana fulani wa Ulaya ao wa Marekani. Ameshika kibao kidogo sawa kadi ya benki, anakifunga na kioo, klavie na batri, kisha anasema: laptopu ya dola 35, nimeitengeneza mwenyewe. Chini watu wanauliza: ni kweli? Sisi tunakosa nini?

Jibu langu: ni kweli nusu. Kibao cha bei ile kiko, na mtu anaweza kukigeuza laptopu. Lakini ile bei ni ya kibao, si ya laptopu, na huo mwanya kati ya bei mbili haukuanza jana. Uko na miaka karibu 50. Mimi nilisoma agronomia, si informatike, lakini hii historia inafanana sana na mambo ya shamba. Mbegu inaweza kuwa ya bei ya chini kabisa, kisha kunabaki kulima, mbolea, maji, na watu wa kupalilia. Mwenye kukuuzia mbegu hajakudanganya. Ni vile tu hajakuambia bei ya shamba.

Mu Januari 1975 gazeti moja la Marekani, Popular Electronics, lilionyesha kwenye jalada mashini yenye kuitwa Altair 8800, ya kampuni ndogo MITS ya mji wa Albuquerque. Ilikuwa inauzwa vipande vipande kwa dola 397, unailehemu mwenyewe nyumbani. Ukimaliza, haina kioo, haina klavie: unaiongelesha kwa swichi za mbele, nayo inakujibu kwa taa ndogo ndogo. Mu Machi ya mwaka ule ule, watu wenye kupenda mambo hayo walikutana mu garaji ya Gordon French, kule Menlo Park, California. Kikundi chao kikaitwa Homebrew Computer Club, maana yake kikundi cha kompyuta za kujitengenezea nyumbani, sawa vile watu wanapika pombe yao nyumbani.

Steve Wozniak alikuwa mmoja wao. Kibao chake, chenye kilikuja kuitwa Apple I, kiliuzwa 1976 kwa dola 666.66, na vilitengenezwa karibu 200 tu. Sasa tuangalie mnunuzi alipata nini: kibao, basi. Transfoma alitafuta yeye. Klavie, yeye. Tele, yeye. Sanduku pia yeye, na wengine waliweka zao mu masanduku ya mbao. Leo Apple I moja inauzwa kwenye mnada bei ya nyumba ya mabati mingi, lakini wakati ule ilikuwa kibao bila shamba.

Mu mikutano ya kile kikundi kulikuwa pia Lee Felsenstein, mwenye alikuwa anaongoza mazungumzo. Huyu njo alichora Osborne 1, yenye ilitoka mu 1981, moja ya kompyuta za kwanza za kubeba zenye ziliuzwa kwa wingi. Kubeba, lakini kilo karibu 11! Kioo chake inchi 5, bei dola 1,795, na batri haikuwamo ndani. Ni valizi ya kutafutia prize.

Miaka 2 kisha, mu 1983, Radio Shack ikauza TRS-80 Model 100, yenye kutengenezwa na Kyocera wa Japani. Hii njo ninaipenda zaidi katika historia yote hii. Ilikuwa na uzito wa kilo 1.4 hivi na ilitembea na mawe 4 ya kawaida, yale madogo ya tochi, masaa karibu 20. Waandishi wa habari waliipenda sana, juu waliweza kuandika popote na kutuma habari yao kwa simu ya waya. Siri yake iko wapi? Kioo chake kilikuwa na mistari 8 tu ya herufi 40, na hakina taa nyuma. Unasoma kwa mwangaza wa nje. Tuweke hiyo jambo pembeni, nitairudilia: mu mashini ya kubeba, kioo njo kinakula chakula cha watu wengi.

Sasa twende Uingereza, mji wa Cambridge, kwa sababu kibao cha video zetu kinatoka kule. Mwisho wa 1981 kampuni Acorn ilitoa BBC Micro, mashini ya kufundisha raia kompyuta pamoja na vipindi vya televizio ya BBC. Kulikuwa Model A na Model B. Zilikuwa na klavie ndani, na unazifunga kwenye tele ya nyumbani. Ziliuzwa zaidi ya milioni moja, na zikaingia mu masomo karibu kila mahali mule inchini.

Watu wa Acorn walitafuta prosesa ya mashini yenye ingefuata, wakaona za wengine haziwafurahishi. Sophie Wilson na Steve Furber wakaamua kuchora yao. Hawakuwa na watu wengi wala feza nyingi, kwa hiyo wakachora kitu chepesi, chenye maagizo machache. Walitaka pia kuiweka mu ganda la plastiki, juu ganda la seramiki ni bei, na plastiki haivumilii joto: ilibidi prosesa isipite wati 1 hivi.

Tarehe 26 Aprili 1985 prosesa ya kwanza ikarudi kutoka kiwandani. Wakaifunga, ikafanya kazi. Furber akatia chombo cha kupima umeme wenye inakula, na mshale ukabaki kwenye zero. Zero! Kumbe kulikuwa kosa kwenye kibao cha majaribio: waya wa kuleta umeme kwa prosesa haukuunganishwa kabisa. Ilikuwa inaishi na umeme kidogo wenye kuvuja kutoka kwa piyese za jirani. Ni sawa muhindi unaota na umande tu, bila mvua.

Ile prosesa njo ARM. Hakuna aliyeitafutia delestaji ya kwetu. Waliitafutia plastiki ya bei rahisi. Lakini leo prosesa za familia yake ziko ndani ya karibu kila telefoni yenye tumeshika.

Kati ya hapo kulikuwa na ndoto nyingine, nitaipita mbio. Mu Novemba 2005, kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa huko Tunis, Nicholas Negroponte wa MIT alionyesha laptopu ya kijani ya watoto wa inchi maskini, bei dola 100, na mkono wa kuzungusha ili itoe umeme. Mashini yenyewe, XO, ilitoka mu 2007. Mkono haukuwamo tena, na bei ilikaribia dola 190. Majirani zetu wa Rwanda walinunua nyingi. Watu wengi wanaicheka ile mashini, mimi siichekake. Ilikuwa na kilo 1.45, na kioo chake, chenye kilichorwa na Mary Lou Jepsen, kilisomeka kwenye jua kali bila taa. Yule mama alielewa mahali umeme unaendaka.

Na sasa kibao. Eben Upton alikuwa anafundisha Cambridge, akaona wanafunzi wenye kuomba kuingia mu informatike wanapunguka, na wenye wanaingia hawajui kuprogramu sawa wale wa zamani wenye walikomea na BBC Micro nyumbani. Mu 2006 alianza kulehemu vibao vya majaribio. Kisha akaenda kufanya kazi kwa Broadcom, kampuni ya prosesa, na hapo akapata piyese moja yenye nguvu ya kuonyesha video, yenye ARM ndani. Tarehe 29 Februari 2012 Raspberry Pi ikaanza kuuzwa: dola 35, gramu 45, megabaiti 256 za memuari. Kundi la kwanza lilikuwa vibao 10,000. Watu walikimbilia asubuhi ile mpaka saiti za wauzaji zikaanguka. Walikipa majina Model A na Model B, kwa heshima ya BBC Micro.

Dola 35 iliwezekanaje? Soma orodha ya vyenye havimo: kioo, klavie, panya, sharjeri, batri, sanduku. Hata kadi ya kutunzia programu ulinunua pembeni. Upton hakuficha hiyo. Hesabu yake ilikuwa hivi: mtoto wa Uingereza ana tele sebuleni, klavie ya zamani iko mu kabati, sharjeri ya telefoni iko ukutani, na prize iko na umeme saa 24. Bei ya mashini ilikuwa imekwisha kulipwa na wazazi, kidogo kidogo, miaka mingi mbele. Kibao kilikuja kukamilisha nyumba. Nyumba yenye haina vile vitu hakiikamilishi.

Ni kwa sababu hiyo wenye walitaka kukigeuza laptopu walianza mara moja kutafuta vitu vya wengine. Mu 2011 Motorola ilikuwa imetoa kitu cha kufunga telefoni yake Atrix: kinafanana laptopu kabisa, na kioo, klavie na batri ndani, lakini hakina akili, akili ilitakiwa kutoka kwa telefoni. Watu wa kawaida hawakukipenda, bei ikaanguka sana, na wapenzi wa Raspberry Pi wakavinunua na kuvifunga kwa kamba mbili. Laptopu nyingi nzuri za wakati ule zilikuwa hivyo. Lakini tuseme kweli: ziliishi kwa hasara ya Motorola.

Upande mwingine kuna Novena ya Andrew Huang, mwenye watu wanaita bunnie, yenye iliuzwa mu 2014. Yeye alitaka laptopu yenye kila mtu anaweza kufungua na kujua kila waya. Kibao peke yake dola 500. Laptopu nzima dola 1,995. Huyo hakudanganya mtu juu ya bei ya shamba.

Hapa kwetu hesabu inakaa namna gani? Sitataja bei za soko, zinabadilika kila juma na dola. Nitahesabu umeme, wenye haubadiliki. Raspberry Pi 4 ukiandika tu maneno inakula wati 4 hivi. Kioo cha inchi 10 na taa yake, wati 4 zingine. Jumla 8. Seli moja mpya ya aina ya 18650, zile za duara zenye tunazitoa mu batri za laptopu zilizokufa, iko na miliampea-saa 2,500 kwa volti 3.7, ni wati-saa 9 na kidogo. Seli 6 zinafikia 55. Kibao kinataka volti 5, kwa hiyo kunatakiwa kipandisha volti, nacho kinapoteza sehemu ya kumi ao zaidi. Unabaki na masaa 6 ya kazi, na seli zote 6 hazifiki gramu 300. Laptopu nyingi za okazio zenye zinafika hapa haziwezi hiyo na batri yao.

Hapo njo faida yake kweli. Si bei. Kwa bei, okazio ya Ulaya ao ya Dubai mara nyingi itashinda, juu inakuja na kioo, klavie na sanduku vyenye mwingine alikwisha kulipia. Lakini mwenye analala kwenye delestaji siku 2, na mwenye yuko mu shamba la majaribio na paneli moja ndogo ya jua, huyo wati 8 zinamfaa.

Seli za kuokota zinabaki mara nyingi na nusu ya nguvu, kwa hiyo hesabu masaa 3. Na usicheze nazo: usichanganye nzima na zilizochoka, usipitishe volti 4.2 kwa kila moja, na usifunge bila kile kibao kidogo cha kulinda. Zinawaka kweli. Kobalti yenye iko ndani, zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima inatoka mu udongo wa inchi yetu, upande wa Kolwezi na Likasi. Ilizunguka dunia, ikarudi mu laptopu iliyokufa, na fundi wa mtaa anatuuzia mara ya pili.

Kama kuna mtu mu promosio anataka kujaribu, asianze na kibao. Aanze na kioo. Tafuta laptopu iliyokufa yenye kioo kizima, ifungue, soma namba yenye imeandikwa nyuma ya kioo, kisha uagize kibao cha kukiendesha chenye kinapatana na namba ile ile, chenye mlango wa HDMI. Angalia pia kinataka volti 5 ao 12, juu kama ni 12 hesabu ya seli inabadilika yote. Kioo kikiwaka, tafuta seli. Raspberry Pi nunua ya mwisho.