Kabla ya Miwani: Mafunzo ya Ujenzi Muyinga na Gitega

Historia ya uhalisia pepe katika uhandisi kwa kawaida huanzishwa na kifaa cha Ivan Sutherland cha mwaka 1968, au mashine ya Edwin Link ya kufundishia urubani, 1929. Burundi ina mwanzo mwingine. Maktaba ya Muyinga (2012) ilisanifiwa na BC Architects wa Brussels baada ya kuchunguza nyumba za wenyeji. Mashine mbili za kushindilia matofali ya udongo, zilizolala miaka 15, zikafufuliwa, na mafundi wakajifunzia kazini. Gitega, mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, inahitaji mafundi wa namna hiyo. Miwani itamwonyesha mwanagenzi ukuta mzima kabla ya tofali la kwanza, lakini haitakifundisha kiganja chake kutambua udongo uliozidi maji. Watunzi wa programu hizo wangeanza kwa kuwahoji waliojenga Muyinga.