Barabara Zinazoilisha Lubumbashi: Marafiki, Gari na Vyakula vya Njiani

Safari ya kula njiani ni matembezi ya siku moja au zaidi ambayo marafiki huyafanya kwa gari, wakipanga vituo vyao kwa kufuata vyakula vinavyouzwa kandokando ya barabara kuliko kufuata hoteli au mandhari. Huko Lubumbashi, makao makuu ya mkoa wa Haut-Katanga nchini Kongo, matembezi haya yana sura yake ya pekee, kwa kuwa mji wenyewe unalishwa kutoka mbali. Barabara ya Likasi huleta samaki wa ziwani, ya Kasenga huleta samaki wa mto Luapula, ya Kasumbalesa huleta unga, na njia ndogo zinazoingia porini huleta uyoga, asali na vinkubala (viwavi). Anayetoka mjini kutafuta kitu cha kula huwa anaifuata sahani yake kinyumenyume, hadi ilikoanzia.

Chanzo cha hali hiyo ni shaba. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na waliouanzisha walivutwa na kilichokuwa chini ya ardhi, wala si rutuba iliyokuwa juu yake. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Ruanda-Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, ikawagawia posho ya unga. Reli iliyofika kutoka kusini mwaka huo huo wa 1910 iliingiza mahindi na kutoa madini. Baada ya migodi kutaifishwa mwaka 1967, shirika la Gécamines lilirithi desturi ya kugawa unga, na familia nyingi zikaishi kwa gunia hilo hadi shirika lenyewe lilipoanguka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Posho ilipokatika, kila nyumba ilibidi ijitafutie: wengine walifungua mashamba pembezoni mwa mji, wengine wakaingia kwenye biashara ndogondogo. Beseni, meza za mbao na mashada ya samaki anayoyaona msafiri leo barabarani yanatokana kwa sehemu kubwa na miaka ile.

Njia ya Likasi

Barabara ya Taifa Namba 1 kutoka Lubumbashi hadi Likasi ina urefu wa kilomita 120 hivi. Ina lami, na ina vizuizi vya ushuru ambavyo kila mtu huviita peaji. Ndiyo njia inayofaa kwa kundi linalosafiri pamoja mara ya kwanza, kwa sababu linaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo.

Kituo chake kikuu ni Kapolowe Gare, kijiji cha stesheni ambapo reli na barabara zinakaribiana. Gari likipunguza mwendo tu, wauzaji hulizunguka na mabeseni kichwani: samaki wabichi, wa kukaushwa kwa moshi, wa kukaanga. Wengi ni wa jamii ya tilapia kutoka ziwa Tshangalele, ambalo lilitokana na kuzibwa kwa mto Lufira huko Mwadingusha ili kuipa migodi umeme. Kituo cha umeme kilianza kazi mwaka 1930. Kwa hiyo hata samaki huyu, anayeonekana mtoto wa asili, ni zao la migodi. Huliwa papo hapo kwa bukari, sima ya Katanga ambayo mara nyingi huchanganya unga wa mahindi na wa muhogo, pamoja na sombe (kisamvu) au matembele na pilipili iliyosagwa. Mikono huoshwa kwa maji ya jagi. Anayetaka uma atauliza, na atachekwa kidogo.

Kununua kuna adabu yake. Muuzaji huitwa mama hata kama ni msichana mdogo, salamu hutangulia bei, na baada ya kukubaliana mnunuzi ana haki ya kuomba matabishi, yaani samaki mmoja wa nyongeza. Mashavu ya samaki mbichi yawe mekundu. Wa moshi apinduliwe kabla ya kulipiwa, kwani upande wa chini ndio unaoonyesha kama alikauka kweli au alipitishwa motoni kwa haraka. Samaki wabichi wanunuliwe wakati wa kurudi. Jambo hili ni wazi kabisa, na bado kila kundi lina rafiki mmoja anayenunua asubuhi na kuwanusisha wenzake kutwa nzima.

Kuna jambo zito zaidi ambalo walaji wa Kapolowe hawapendi kulisikia. Ziwa Tshangalele hupokea maji yanayopitia viwanda vya Likasi, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walikuta ndani yake mlundikano wa metali, kobalti ikiwamo, kuanzia kwenye viumbe vidogo vya majini hadi kwenye samaki. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2009, ambao wataalamu wa chuo hicho waliufanya pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, ulionyesha kwamba watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana mwilini. Mtalii anayekula samaki mmoja kwa mwaka hana sababu ya kuogopa sana. Mkazi anayemla kila siku yuko katika hali nyingine, naye ndiye anayeuza.

Likasi yenyewe, iliyoitwa Jadotville wakati wa ukoloni, ina barabara zenye miti mikubwa na majengo ya zamani ambayo yanastahili saa moja ya kutembea kwa miguu. Jioni hunukia michopo: nyama ya mbuzi iliyokatwa vipande, ikachomwa juu ya makaa, ikaletwa na kitunguu kibichi, chumvi na pilipili, pamoja na bia baridi ya Simba au Tembo. Dereva asubiri. Katika kundi lenye busara dereva huchaguliwa kabla ya kuondoka, naye hasamehewi hata chupa moja.

Njia ya Kasenga

Kaskazini-mashariki, barabara ya Kasenga huishia kwenye mto Luapula, mpakani na Zambia. Enzi za ukoloni wafanyabiashara Wagiriki waliweka makazi Kasenga, wakanunua samaki kwa wavuvi na kuwapeleka Élisabethville kulisha wafanyakazi wa migodi. Njaa ya mji ilikuwa kubwa kuliko mto. Mpumbu, samaki aliyekuwa akipanda mto kwa makundi wakati wa kuzaa, alivuliwa bila kiasi kwa ajili ya mayai na nyama yake, na kufikia mwisho wa miaka ya 1940 makundi yale yalikuwa yametoweka. Siku hizi msafiri hukuta zaidi pale, ambaye ni tilapia wa huko, kambare, na chisense, samaki wadogo wa ziwa Mweru wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani. Chisense waliokaangwa kwa nyanya na karanga zilizotwangwa ni chakula cha maskini kinachozidi vyakula vingi vya matajiri.

Kuhusu Kasumbalesa, kilomita 90 hivi kusini, hakuna mengi. Ni mpaka wa malori yanayobeba shaba na kobalti kwenda bandarini, na unga wa Zambia ukiingia. Mpaka ukikwama, bei ya bukari Lubumbashi hupanda. Vibanda vya chakula viko, na vinashibisha, ila ni vya watu wanaongoja, na mlo wa kungoja hauna ladha ya mapumziko.

Vyakula vya pori

Utajiri mkubwa zaidi hauna kituo maalumu. Pande zote za Lubumbashi zilikuwa na misitu ya miombo, na kila msimu msitu hutoa kitu. Mvua zikianza Novemba, watoto husimama barabarani na uyoga: mwekundu, wa njano, na ule wa vichuguu ambao kofia yake inaweza kufikia upana wa mita moja. Msimu huo wa mvua huja pia masuku, matunda yenye nyama tamu yanayofyonzwa na mbegu zake kutemwa nje ya dirisha, na vinkubala, viwavi vinavyokaushwa na kuuzwa kwa kikombe. Mwaka 1980 François Malaisse na G. Parent walipima aina 23 za viwavi vinavyoliwa kusini mwa nchi, wakakuta wastani wa protini wa takriban asilimia 63 ya uzito mkavu. Asiyewahi kuvila aanze na vilivyokaangwa vikavu kwa chumvi. Mchuzi uje baadaye.

Kikanda ni habari nyingine. Viazi vidogo vya okidi za mwituni hukaushwa, hutwangwa na kupikwa pamoja na karanga hadi kuwa mkate wa kahawia unaokatwa vipande. Ni kitamu, na ndilo tatizo lake, kwa sababu kila kiazi kinachochimbwa ni mmea mmoja uliokufa. Mahitaji ya viazi hivyo huko Zambia yamefika hadi nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, ambako Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005, hulinda okidi hizo hizo.

Uyoga huo mwekundu na wa njano huishi kwa kushikamana na mizizi ya miombo, kwa hiyo haupandwi shambani. Viwavi navyo hula majani ya miti hiyo. Na barabarani, kwa upande wa pili, huja msururu wa baiskeli zilizopakiwa magunia ya makala, yaani makaa, miti hiyo hiyo iliyochomwa ili Lubumbashi ipike. Makaa ya michopo hutoka humo.

Pesa, gari na majira

Marafiki hukotiza, yaani huchangishana, kabla ya safari, na fedha hushikwa na mmoja asiyeona haya kukataa. Kadi za benki hazina kazi vijijini. Faranga ndogondogo ndizo zinazofaa, na noti ya dola iliyochanika hata kidogo hurudishwa. Kongo huendesha upande wa kulia, lakini magari mengi ya Katanga yana usukani wa kulia pia, kwa hiyo abiria wa mbele ndiye macho ya dereva wakati wa kulipita lori. Kiti hicho asipewe mlevi wala msinzia.

Kupanga tarehe ndiko kugumu. Juni hadi Agosti njia ni kavu, usiku una baridi, na hata maporomoko ya Lofoi katika hifadhi ya Kundelungu, yenye kimo cha zaidi ya mita 300, yanafikika kwa gari la magurudumu manne, mradi chakula chote kibebwe kutoka mjini. Lakini msitu wakati huo hauna uyoga mbichi. Desemba hadi Februari msitu umejaa na barabara za udongo ni tope, na Zambia nayo hufunga uvuvi wa Mweru na Luapula hadi Machi. Mwisho wa Machi na Aprili ni afadhali: uvuvi umefunguliwa, uyoga wa mwisho ungalipo, na vinkubala vilivyokaushwa vimeshafika sokoni.